Kuuguza na Kufisha

Waalimu na makasisi waliopata kukaa Itaka, au mahali po pote katika nchi ya Wanyiha, wajua ya kuwa swali la kufa halianzi kaburini. Laanza siku ile mgonjwa anaporudishwa nyumbani kutoka hospitali, naye hakupona. Ndugu wamekaa uani, na neno la daktari ni kwamba dawa ya kuponya haipo tena, wakamtunze. Hapo huulizwa mambo kadha wa kadha, na mara nyingi katekista ndiye aulizwaye kwanza. Je, tuuze kahawa ingali mtini, tumpeleke Mbeya mara nyingine? Je, dawa hii kali ya maumivu si ndiyo itakayommaliza? Je, mwenyewe tumwambie? Na pengine swali moja zaidi lasemwa kwa sauti ya chini: si heri apumzishwe? Twapenda kuyachungua maswali haya kwa kuanza na maneno yenyewe, kwa maana tumeona ya kuwa hukumu nyingi hupotoka pale maneno yanapochanganywa.

Katika Kiswahili, kitendo cha kumfanya mtu au kitu kiwe katika hali fulani hutokea kwa kugeuza mwisho wa neno. Kitu kikiungua, aliyekitia moto amekiunguza. Kikipungua, aliyekitoa sehemu amekipunguza. Kwa kanuni hiyo, mtu akiugua, amwuguzaye angekuwa ndiye aliyemletea ugonjwa. Lakini sivyo. Kuuguza ni kukaa na mgonjwa, kumwosha, kumgeuza, kumpa uji na maji, kukesha naye. Ni kana kwamba wazee wa lugha waliona kwamba yupo mtu wa pili ndani ya ugonjwa, ambaye kazi yake ni kumsaidia mgonjwa kuugua. Neno kufa nalo lina mgeuko wake, yaani kufisha, na hapa kanuni haikugeuka hata kidogo: afishaye ndiye aletaye kifo. Basi kila swali la uani pale Itaka laweza kupimwa hivi: tutendalo ni kuuguza, au ni kufisha?

Shida ni kwamba lipo neno la tatu lililokaa katikati, nalo ni kupumzisha. Twasema marehemu amepumzika. Twasema twaenda kumpumzisha, maana yake kumzika. Tena twampumzisha mgonjwa kwa kumlaza vema juu ya mto. Neno hili ni la adabu, nasi hatulikatai. Lakini adabu yake yaweza kuficha tendo. Mtu asemapo, “Tumpumzishe baba,” mwalimu hana budi kuuliza kwa upole: kwa kufanya nini?

Wala asidhani mtu ya kuwa wazo hili limeletwa na wageni. Mashariki ya Mbozi, katika nchi ya Wanyakyusa, alikuwako mtawala mtakatifu aitwaye Lwembe, ambaye makao yake yalikuwa Lubaga. Godfrey na Monica Wilson walikaa katika nchi ile kati ya miaka 1934 na 1938, na mwaka 1959 Monica Wilson alitoa kitabu juu ya ibada za Wanyakyusa ambamo aliyaandika maelezo ya wazee. Lwembe alipougua sana, hakuachwa afe kwa ugonjwa wake. Wakuu wake walimziba pumzi angali hai, na nywele na kucha zake zilichukuliwa, ili nguvu ya mvua na rutuba isiondoke katika nchi pamoja naye. Watu waliochaguliwa kushika cheo hicho walikiogopa.

Tusiihukumu habari hii kwa haraka kuwa ni ukatili mtupu. Waliotenda hawakumchukia Lwembe. Waliamini ya kuwa udhaifu wa mwili wake ungekuwa udhaifu wa mashamba na ng’ombe na watoto wao. Lakini msomaji aangalie jambo moja. Aliyeziba pumzi hakuuliza maumivu ya Lwembe yalikuwa kiasi gani, wala Lwembe mwenyewe ataka nini. Pumziko lilitafutwa kwa ajili ya waliobaki. Nasi twaona ya kuwa hata leo, swali la chini linaposemwa, yafaa kusikiliza ni nani hasa aliyechoka. Mara nyingi ni binti mmoja aliyekesha majuma 6 peke yake, huku kaka zake wako Tunduma katika biashara. Huyo hahitaji kulaumiwa. Ahitaji mtu wa kumpokea zamu.

Sheria ya nchi haina maneno mengi hapa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, yamhesabu kuwa amesababisha kifo hata yule ambaye tendo lake limeharakisha tu kufa kwa mtu ambaye ugonjwa wake ungemwua hata hivyo. Naye amsaidiaye mwingine kujiua aweza kufungwa maisha. Hayo mwalimu ayajue na kuyasema wazi, ila asiyafanye kuwa fimbo ya kumpigia mtu aliyeuliza kwa uchungu tu.

Juu ya dawa ya maumivu twataka kukaa zaidi, kwa sababu hapa hofu ni kubwa na madhara yake ni makubwa. Dawa iitwayo mofini yaogopwa kama dawa ya mwisho. Wengine huificha, wengine huipunguza, na mgonjwa hulia usiku kucha katika nyumba ya watu wampendao. Papa Pius wa 12 aliulizwa jambo hili na waganga wa usingizi, na tarehe 24 Februari 1957 alijibu kwamba ni halali kutuliza maumivu hata kama dawa yaweza kupunguza siku za mgonjwa, maadam kusudi ni kutuliza maumivu wala si kuua, na hakuna njia nyingine. Tangu hapo waganga wamejifunza zaidi: mofini ikitolewa kwa kipimo na kuongezwa kidogo kidogo, haimharakishi mgonjwa. Nchini Uganda, Daktari Anne Merriman alianzisha huduma ya Hospice mwaka 1993 kwa mofini ya maji inywewayo nyumbani, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliofundishwa kazi hiyo waliruhusiwa na sheria kuiandika. Kwetu Taasisi ya Saratani ya Ocean Road hutengeneza dawa ya namna hiyo, ingawa toka Dar es Salaam hata Itaka ni safari ya zaidi ya kilomita 800. Basi anayempa baba yake kipimo kile kile alichoandikiwa na mganga, kwa saa yake, anauguza.

Na ile kahawa? Papa yule yule, tarehe 24 Novemba mwaka ule ule, alisema ya kuwa mtu hafungwi kutumia njia zilizo mzigo wa kupita kiasi kwake au kwa wengine. Kuuza shamba litakalowalisha wajukuu, ili kununua siku chache ambazo daktari mwenyewe hazitumaini, ni njia ya namna hiyo. Maji, uji kwa kadiri awezavyo kumeza, na kitanda kikavu si mzigo wa namna hiyo, wala haviachwi. Twasisitiza neno hili kwa sababu baada ya maziko huja ndugu wa mbali, ambaye hakuuguza hata usiku mmoja, naye huuliza kwa sauti kuu ni nani aliyemwua mzee. Kutoka swali hilo hata kutaja mchawi ni hatua fupi sana. Katekista aliyekuwako uani tangu mwanzo, akasikia neno la daktari, ndiye shahidi wa kumjibu.

Limebaki la kumwambia mgonjwa. Desturi ya wengi ni kumficha, kwa huruma. Lakini Kiswahili husema mtu ameaga dunia, na kuaga ni kazi ya mtu ajuaye ya kuwa anaondoka. Anayefichwa haagi, huondolewa. Tena wosia hupotea pamoja naye: mpaka wa shamba, deni la kwenye ghala la kahawa, mtoto aliyekosana naye, na hasa mahali atakapokaa mjane wake. Hatusemi atangaziwe kifo kama hukumu ya baraza. Mara nyingi mgonjwa ajua kabla yetu, naye huuliza kwa kuzunguka: kwamba mvua zijazo atalima nani. Hapo muuguzi asijibu, “Utalima mwenyewe.” Aketi, amwulize yeye angependa alime nani.