Ngitili: Malisho ya Akiba Yanayorudisha Miti



Miezi ya Agosti hadi Oktoba ndiyo inayokupima. Lambo limebaki tope, nyasi za karibu zimekwisha, na maksai utakaowahitaji kulima mvua zikianza ndio hao mbavu zao zinahesabika. Kipeperushi hiki kinaeleza njia moja ya kuivuka miezi hiyo. Haikubuniwa ofisini. Ni ngitili, akiba ya malisho ya Wasukuma, na imerudisha miti ya asili katika mkoa ambao watu walikwisha kuuita jangwa.

Ngitili ni kipande cha ardhi kinachofungwa mvua zinapoanza. Mifugo haiingii humo msimu wote wa mvua. Nyasi zinakua, zinadondosha mbegu, zinakauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kinapokaza ndipo hufunguliwa, kwanza kwa ndama, ng'ombe wanaokamuliwa na maksai. Ziko ngitili za kaya, zenye hekta chache karibu na nyumba, na ziko za kijiji, zenye makumi ya hekta au zaidi.

Shinyanga haikuwa kavu vile tangu zamani. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka misitu ili kuua mbung'o wanaoleta nagana. Yakafuata mashamba ya pamba, ukataji wa kuni, na mifugo mingi kwenye eneo linalopungua. Miaka ya 1970 kaya zilipohamishiwa vijijini, nyingi ziliacha ngitili zao nyuma bila wa kuzilinda.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway, na baadaye watafiti wa ICRAF wakaungana nao. Wakati huo ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Mpango ulipofika mwisho mwaka 2004, zilikuwa zimehesabiwa zaidi ya hekta 300,000 katika mamia ya vijiji. (Mkoa wa wakati ule ulikuwa mkubwa, Maswa, Meatu na Bariadi leo ziko Simiyu.) Vitalu vya miche peke yake visingefika huko. Ilifika kwa sababu wataalamu walikubali kufuata desturi ambayo wenyeji waliijua tayari.

Kila upande ulishika kazi yake. Dagashida, mkutano wa kimila, ulikubaliana nini ni kosa. Sungusungu waliwakamata waliovunja makubaliano. Serikali ya kijiji iliyaweka makubaliano hayo katika sheria ndogo, na maafisa wakaja na ushauri. Mtu aliyeingiza ng'ombe usiku alijua kwamba wazee watamuita, na ofisi nayo itamtoza faini. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye siri yote. Sheria ya ofisini ambayo wazee hawaitaki haimzuii mtu saa nane za usiku.

Kuhusu miti, mara nyingi huna haja ya kupanda. Ardhi iliyofyekwa bado ina visiki na mizizi hai. Ukiipumzisha, machipukizi hutoka. Kwa kila kisiki chagua matatu hadi matano yaliyonyooka, kata mengine, na uyapogolee matawi ya chini. Migunga itakulipa kwa maganda yake, ambayo hukomaa na kudondoka kiangazi na yana protini ambayo nyasi kavu hazina. Yakusanye kwenye magunia, uwape mbuzi na ng'ombe wa maziwa kidogo kidogo. Mbegu nyingi ngumu hupita tumboni zikiwa nzima na kuota kwenye kinyesi, kwa hiyo mifugo yako nayo inapanda, ilimradi miche michanga ipate misimu kadhaa bila kuliwa.

Je, ufunge eneo kiasi gani? Pima. Mvua zikiisha, kata nyasi zote katika mita moja ya mraba, zianike hadi zikauke, uzipime kwenye mizani. Rudia mahali kadhaa utafute wastani. Tuseme umepata gramu 200: hizo ni kilo 2,000 kwa hekta. Lisha nusu tu, ile nyingine ibaki kufunika udongo. Una kilo 1,000. Ng'ombe wa kilo 250 hula karibu kilo 7 za nyasi kavu kwa siku. Wanne kwa siku 90 watakula kilo 2,520, yaani hekta mbili na nusu, au ekari sita hivi. Ukiingiza kundi la ishirini humo, siku 18 hazifiki ishasafishwa.

Sasa jambo ambalo vijiji vingi hulikwepa. Ngitili ya kijiji inaweza kuwa njia ya mwenye ng'ombe mia kula nyasi za mjane mwenye mbuzi watatu. Sheria ndogo iseme waziwazi kila kaya iingize mifugo mingapi, na asiye na ng'ombe apate nini: kuni kavu, nyasi za kuezekea, asali, dawa za miti. Isizibe njia za mifugo wala njia ya kisimani. Na kama kuna wafugaji wa mbali wanaopita kila mwaka, waiteni mkutanoni kabla hamjafunga, msingoje ugomvi.

Sheria hiyo hujadiliwa na halmashauri ya kijiji, hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kwa ngitili ya kaya, ulizia hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mke na mume waandikwe wote wawili. Kijiji nacho kinaweza kutenga msitu wake wa hifadhi chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Fanyeni mkutano Septemba, mpaka uwe umewekwa alama kabla ya mvua za Novemba. Mvua zikikoma, fyekeni ukanda wa kuzuia moto kuzunguka eneo lote kabla nyasi hazijakauka kabisa, na mpange zamu za kulinda hadi siku ya kufungua.