Baba Anapolia Mbele ya Katuni

Desemba 2014, jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Ian Colman wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, na wenzake. Walichukua filamu 45 za katuni zilizoingiza fedha nyingi zaidi, kuanzia Snow White ya 1937 hadi Frozen ya 2013, wakazilinganisha na filamu 90 za watu wazima zilizotoka miaka hiyo hiyo. Kazi yao ilikuwa kuhesabu vifo. Wakakuta wahusika muhimu wa katuni wana hatari ya kufa mara mbili na nusu kuliko wale wa filamu za wakubwa, na wazazi hawakusalimika.

Kwa hiyo baba anayekaa na wanawe Jumapili jioni, akidhani atasinzia huku wao wakicheka, ameketi mbele ya msiba. Ajabu ni kwamba msiba ukifika anaona haya. Anajikohoza, anasema vumbi limemwingia jichoni, ananyanyuka kwenda jikoni kunywa maji. Suala la kama inafaa mwanaume kulilia katuni limezoeleka kujibiwa kwa kicheko. Mimi naliona ni suala la afya, na jibu langu ni kwamba inafaa.

Itazame filamu ya Up ya studio ya Pixar, iliyoongozwa na Pete Docter na kufungua tamasha la Cannes mwaka 2009. Mapema ndani yake kuna kipande cha dakika kama nne ambacho wahusika hawazungumzi. Carl na Ellie wameoana, wanakarabati nyumba kuukuu, wanaandaa chumba cha mtoto. Mara wako kwa daktari, Ellie kajiinamia, uso kaufunika kwa viganja. Hakuna anayetaja kilichotokea, na aliyewahi kukaa kwenye kiti kile hahitaji kutajiwa. Baadaye wanaanza kudunduliza sarafu kwenye chupa, akiba ya safari ya Amerika Kusini waliyoiota tangu utotoni. Tairi la gari linapasuka, chupa inavunjwa. Carl anavunjika mguu, chupa inavunjwa tena. Mti unaangukia nyumba, na akiba inaondoka vile vile. Siku baada ya siku Ellie anamfunga mumewe tai, na tai zinavyobadilika ndivyo mvi zinavyoingia. Carl anapokuja hatimaye kununua tiketi, mkewe hana tena nguvu za kukipanda kilima walichokizoea. Muziki wa Michael Giacchino, uliompa tuzo ya Oscar, umeanza kwa uchangamfu. Kufikia hapo ni sauti ile ile, lakini imebaki piano, taratibu.

Mwanaume wa miaka 40 haoni katuni hapo. Anaona akiba ya kiwanja iliyoliwa na matibabu. Anaona mimba iliyoharibika ambayo yeye na mkewe hawajawahi kuizungumzia, na mama yake kijijini anayeambiwa kila mwaka kwamba watakuja Krismasi. Mtoto aliye pembeni yake anaona babu na maputo, na anashangaa kwa nini baba kanyamaza.

Wengi wanajiuliza: kulia kwa ajili ya mchoro? Mwaka 1944, Fritz Heider na Marianne Simmel wa Chuo cha Smith, Marekani, walitengeneza filamu fupi yenye pembetatu mbili, duara moja na kisanduku chenye mlango. Maumbo yalisogea huku na huko, basi. Waliwaonyesha wanafunzi 34, wakawaomba waandike walichokiona. Mmoja tu ndiye aliyeandika habari za maumbo. Waliobaki waliona viumbe hai, wakasimulia ugomvi, woga na mapenzi. Ubongo wa binadamu hauhitaji nyama na mifupa ili uhurumie. Kitu kikitembea kana kwamba kina nia, tayari umeshakipa moyo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mtaalamu wa tabia za wanyama, Konrad Lorenz, alikuwa ameeleza jinsi kichwa kikubwa, macho makubwa na mashavu ya mviringo vinavyotuamshia hamu ya kulea, na wachoraji wa katuni wanaijua vizuri siri hiyo. Tena mwigizaji maarufu akifa kwenye filamu, sehemu ya akili yako inajua utamwona mwakani kwenye nyingine. Ellie akishakufa, hana maisha mengine nje ya mchoro ule. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu katuni inapenya pale filamu ya watu halisi inapogonga mwamba.

Machozi yenyewe yako ya aina tatu: yanayolainisha jicho saa zote, yanayotoka kwa moshi au kitunguu, na ya hisia. Haya ya mwisho huagizwa na ubongo kupitia neva hadi kwenye tezi iliyo juu ya jicho, upande wa nje. Yakizidi hupita kwenye vijitobo vya pembe ya ndani na kuteremkia puani, ndiyo maana anayejizuia huanza kuvuta makamasi hata kabla chozi halijadondoka. Lile fundo la kooni nalo lina maelezo. Hisia zikipanda, mwili hupanua njia ya hewa. Ukimeza mate unailazimisha ijifunge, na misuli inavutana. Kisingizio cha vumbi hakiwezi kulieleza fundo hilo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwanabiokemia William Frey wa Minnesota, Marekani, aliwaonyesha watu filamu za kuhuzunisha na kuyakusanya machozi yao. Aliyakuta yana protini nyingi kuliko yale ya kitunguu, akadhani huenda kulia kunausafisha mwili. Dhana hiyo haijathibitishwa mpaka leo, kwa hiyo anayekwambia kwamba machozi yanatoa sumu anakupa kitu kisicho na ushahidi. Lakini Frey aliuliza pia watu hulia mara ngapi, akapata wastani wa mara 5 hivi kwa mwezi kwa wanawake, na kama mara 1 kwa wanaume.

Tofauti hiyo hatuzaliwi nayo ikiwa kubwa hivyo. Vichanga wa kike na wa kiume hulia karibu sawa, na pengo hupanuka wakielekea balehe. Homoni zina sehemu yake. Baadhi ya wanaume wanaotibiwa saratani ya tezi dume kwa dawa za kushusha testosteroni husema machozi yamekuwa karibu kuliko zamani. Hata hivyo homoni hazimalizi habari. Ad Vingerhoets wa Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, ameshiriki utafiti wa kulia kwa watu wazima katika nchi 37, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba pengo kati ya wanaume na wanawake ni pana zaidi katika nchi tajiri zenye uhuru mwingi wa kujieleza. Mtu angetarajia kinyume chake. Ninavyoyasoma mimi, matokeo hayo yanasema kulia kwa mtu mzima, hata mwanamke, kunategemea ruhusa anayopewa na jamii yake.

Kwetu ruhusa hiyo ina masharti. Kijana wa Kimaasai au wa Kibukusu hufundishwa asipepese jicho siku ya kutahiriwa, kisu kinapopita, maana akitetereka aibu ni ya ukoo mzima. Naiheshimu mila hiyo, kwa sababu kuna siku mtu anahitaji kusimama imara. Tatizo ni kwamba somo la siku moja limegeuzwa kuwa la maisha yote, na "jikaze" anaambiwa mtoto wa miaka minne aliyepoteza kuku wake sawasawa na mzee wa miaka 60 aliyefiwa na mke.

Na tukitaka mifano ya wanaume waliolia hatuhitaji kwenda mbali. Mtume Muhammad alimlilia mwanawe Ibrahim, na sahaba aliposhangaa akajibiwa kwamba yale ni rehema. Injili inasimulia kuwa Yesu alilia alipokwenda kwenye kaburi la Lazaro, watu wakimwona. Nabii Yakobo alimlilia Yusufu mpaka macho yake yakawa meupe. Kuna atakayesema hao waliwalilia watu wa kweli. Hata baba wa Jumapili jioni anawalilia watu wa kweli. Filamu imemkumbusha tu.

Je, kunasaidia? Asmir Gračanin na wenzake, akiwemo Vingerhoets, walilipima jambo hili mwaka 2015. Watu 60 walitazama filamu mbili za kuhuzunisha, La vita è bella na Hachi. 28 walilia na 32 hawakulia. Filamu ilipokwisha, waliolia walijisikia vibaya kuliko walivyokuwa kabla. Baada ya dakika 20 walikuwa wamerudi kwenye hali ya kawaida, na baada ya dakika 90 walijisikia vizuri kuliko walivyoingia. Ambao hawakulia hali yao haikubadilika. Kwa hiyo anayejipima pale pale taa zinapowashwa, akahitimisha kwamba kulia kumemharibia jioni, amepima mapema mno.

Lakini nafuu haiji kwa kila mtu. Jonathan Rottenberg, Lauren Bylsma na Vingerhoets walichambua masimulizi zaidi ya 3,000 ya watu waliolia. Wengi walipata ahueni, kama theluthi moja hawakuona tofauti, na mmoja kati ya kumi alizidi kuumia. Kilichowatofautisha kwa kiasi kikubwa ni waliokuwa karibu nao. Aliyepata wa kumfariji alitulia. Aliyetahayari alirudi nyuma. Hapa ndipo ninapotaka familia zinisikilize. Mtoto anayepiga kelele "baba analia!" hajui, anaweza kufundishwa. Mtu mzima anayetoa simu kurekodi na kuweka kwenye status anamnyima mwenzake ile dakika ya 90.

Anayekimbilia jikoni naye hajipunguzii mzigo. Wanasaikolojia James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha watu filamu huku wakiwataka wafiche hisia zao. Nyuso zilitulia, lakini mishipa ya damu na moyo vilifanya kazi zaidi, na huzuni haikupungua. Tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba anayejizuia pia hukumbuka kidogo yale aliyoyaona. Mtoto akiuliza, "Baba, unalia?", mwambie ndiyo, nimemkumbuka bibi yako. Hatadhurika kwa jibu hilo.

Kuna machozi ya kumpeleka mtu hospitali. Akilia karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi umempaa na hamu ya kula imekatika, hiyo inaweza kuwa sonona. Kwa wanaume wengi sonona hujificha ndani ya hasira na pombe, na wengine husema hawawezi kulia hata msibani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka, wanaume wakiwa zaidi ya mara mbili ya wanawake. Katuni haiwezi kuwaokoa, ila mazoea ya kutoonekana ukiumia ndiyo yanayomzuia mtu kufika kliniki mapema.

Na kuna kilio ambacho ndugu wengi hukielewa vibaya. Mtu aliyepata kiharusi anaweza kuanza kulia, au kucheka, ghafla na bila sababu, hata kwa tangazo la sabuni, kisha akaacha ghafla vile vile. Nyumbani husemwa amekuwa mtoto, na hukemewa. Ni njia za ubongo zinazodhibiti kilio ndizo zilizoumia. Moyoni huenda hana huzuni yoyote. Mwelezeni daktari hali hiyo kama ilivyo siku ya kliniki, kwa sababu dawa za kuipunguza zipo.