UA WA MPAKA NI WA MAJIRANI WAWILI

Mkulima wa skimu, ng'ombe wa jirani akila mahindi yako, hasara ni yako, lakini ugomvi ni wenu wawili. Afadhali mjenge ua mmoja na kugawana gharama.

Kwanza, tembeeni pamoja mpakani mkayatazame mawe ya mpaka. Ua uliojengwa mahali pasipo mpaka ni kazi bure.

Pili, fanyeni hesabu. Mpaka wa mita 200, nguzo moja kila mita 4, wahitaji nguzo 51. Nyuzi 4 za seng'enge ni mita 800: kila mmoja anunue 400, na kidogo zaidi kwa kufungia. Asiye na fedha aweza kutoa nguzo au kuchimba mashimo, ila thamani yake ikubaliwe kwanza.

Tatu, andikeni nani atatengeneza sehemu ipi, mkatie sahihi mbele ya mashahidi.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 yamtaka kila mwenye shamba autunze ua wa mpaka wake. Mkishindwa kupatana, Msajili wa Ardhi aweza kuamua nani atautunza. Kung'oa alama ya mpaka bila idhini ni kosa.

Semeni na jirani leo. Msingoje mahindi yaliwe.