Chai, Machungwa na Manjano: Safari Ndefu ya Kutafuta Dawa ya Usonji

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayojitokeza mapema utotoni. Mtoto hupata shida kuwasiliana na kuchangamana na wenzake, hurudiarudia vitendo, na mara nyingi husumbuliwa na kelele au mwanga. Hakuna dawa inayouondoa. Ndiyo maana watafiti wameigeukia mimea, ikiwamo inayofahamika vizuri mkoani Tanga: machungwa ya Handeni, chai ya Ambangulu wilayani Korogwe na manjano ya sokoni.

Seli zinapotumia oksijeni hutoa masalia makali yaitwayo radikali huru, ambayo huharibu mafuta, protini na vinasaba. Mwili hujikinga kwa antioksidanti, nyingine ukizitengeneza wenyewe kama glutathioni, nyingine ukizipata kwenye chakula, ikiwamo mimea kama hiyo. Ubongo hutumia takriban moja ya tano ya oksijeni yote ya mwili, hivyo huathirika upesi kinga hiyo inapopungua. Tafiti kadhaa zimekuta glutathioni ikiwa chini katika damu ya watoto wenye usonji, ingawa haijathibitika kama upungufu huo ni chanzo au ni matokeo.

Majaribio huanzia kwa panya. Panya mwenye mimba hudungwa valproeti, dawa ya kifafa, karibu siku ya 12 ya ujauzito, na watoto wake huzaliwa na tabia zinazofanana na usonji. Njia hiyo ina mizizi kwa binadamu: utafiti wa Denmark wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa asilimia 4.4 ya watoto ambao mama zao walitumia valproeti wakiwa wajawazito walikuwa na usonji, dhidi ya asilimia 1.5 ya wengine.

Mtoto huyo wa panya huwekwa katika kasha la vyumba vitatu. Upande mmoja kuna panya mgeni ndani ya kizimba, upande wa pili kizimba kitupu. Panya wa kawaida humwendea mgeni na kumnusa. Aliyeathirika hukaa mbali. Mtafiti hupima muda anaotumia kila upande, kabla na baada ya kupewa dawa.

Katika vipimo vya namna hiyo mimea imeleta matumaini. Mwaka 2011 watafiti wa India waliripoti kuwa dondoo la chai ya kijani liliboresha tabia za panya waliopewa valproeti na kupunguza uharibifu wa seli. Mwaka 2015 kurkumini, kiini cha manjano, ilileta matokeo yanayokaribiana na hayo kwa panya walioathiriwa kwa asidi ya propioniki. Mwaka 2018 ikawa zamu ya hesperetini, inayotokana na machungwa na jamii yake.

Hata hivyo, dozi za maabara si za jikoni. Panya wa kurkumini walipewa hadi miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Hata dozi hiyo ikipunguzwa mara sita, kama wanasayansi wanavyofanya wanapokadiria kutoka kwa panya kwenda kwa binadamu, mtoto wa kilo 20 angehitaji zaidi ya gramu 20 za unga wa manjano kila siku, na utumbo hunyonya kurkumini kidogo sana.

Kwa binadamu, ushahidi ni haba. Mwaka 2014 sulforafani ya brokoli ilijaribiwa Marekani kwa vijana 44 wa kiume wenye usonji. Waliopewa dawa walipata nafuu, lakini ikafifia walipoacha. Jaribio la baadaye kwa watoto 57 halikuonyesha tofauti ya kutegemewa katika kipimo chake kikuu.

Korogwe inaijua safari hiyo ndefu ya kutoka maabara hadi kwa watu. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza kubuniwa katika miaka ya 1980, ikajaribiwa kwa watoto wa Korogwe na Kilifi, kisha kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, Korogwe ikiwa miongoni mwa vituo. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Mimea ya usonji bado iko mwanzoni mwa njia hiyo.

Kwa sasa, msaada wenye manufaa ni kumtambua mtoto mapema, kumpa mazoezi ya lugha na stadi za maisha, na kuwafundisha wazazi namna ya kucheza na kuwasiliana naye. Chai na machungwa vibaki kuwa chakula. Mwenye kifafa asiache dawa zake ili anywe mitishamba, na mwanamke anayetumia valproeti azungumze na daktari kabla ya kubeba mimba.