Picha ya Mtoto Mchanga Nyumbani

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, toka Kilwa hata Lindi, siku hizi hapakosekani simu ya mkononi yenye kupiga picha. Basi mtoto akizaliwa, baada ya kumshukuru Mungu, neno linalofuata ni hili: "Tumpige picha." Jambo hili ni jema. Lakini nimeona picha nyingi zikipigwa, na chache zikidumu. Kwa hiyo nataka kuwashauri wazazi na walimu jinsi ya kulifanya vizuri.

Kwanza nitawaeleza yaliyotupata mimi na mke wangu. Mtoto wetu wa kwanza alipokuwa na umri wa miezi mitano, alipita mtaani kwetu mpiga picha mwenye kamera ya filamu, akienda nyumba kwa nyumba. Mke wangu akataka mtoto apigwe picha siku ile ile. Mimi nikakataa. Nikasema, "Nguo yake imechakaa, na fundi anamshonea nyingine. Tungoje mwezi ujao." Yule mtu akaenda zake. Mwezi wa pili akarudi kama alivyoahidi, akabisha hodi. Lakini mtoto alikuwa amekwisha kufa kwa homa, na siku tisa zilikuwa zimepita tangu tumzike. Mke wangu akatoka na ile nguo mpya mkononi, akamwonyesha, wala hakusema neno. Miaka imepita, nasi tumepewa watoto wengine. Lakini hata leo hatupatani juu ya uso wa yule wa kwanza. Yeye asema alikuwa na macho ya bibi yake. Mimi nakumbuka vingine. Hatuna kitu cha kutuamua. Kwa hiyo nawaambia: msingoje nguo.

Mwezi uliopita nilikuwa Kilwa Kivinje, nyumbani kwa mwalimu kijana ambaye mkewe alikuwa amejifungua, na mtoto alikuwa na majuma matatu. Nilimkuta akihangaika na simu yake. Alimketisha mkewe mbele ya mlango ulio wazi, yeye akasimama chumbani. Picha ikatoka mlango mweupe kama chokaa, na uso wa mtoto mweusi, hata pua haionekani. Akawasha taa ya simu. Mtoto akashtuka, akalia.

Nikamwambia, "Wageuze. Mwanga uangukie uso, usiwe mgongoni." Madirisha ya nyumba zetu nyingi ni madogo, na chumba huwa na giza hata mchana, lakini mlango ni taa kubwa isiyouzwa dukani. Mama na aketi ndani, hatua moja tu kutoka kizingitini, uso wa mtoto ukielekea nje. Jua lenyewe lisimpige, maana atafumba macho. Watakiwa mwanga tu. Kama mlango waelekea mashariki, fanyeni alasiri. Kama waelekea magharibi, fanyeni asubuhi. Mpiga picha asimame kando ya mlango, asiuzibe, naye apige magoti hata simu iwe sawa na macho ya mtoto. Shuka jeupe likitandikwa mapajani mwa mama hurudisha mwanga chini ya kidevu, na uso wetu wa Kiafrika huonekana kwa rangi yake ya kweli. Tena kioo kidogo cha kamera kifutwe kwanza kwa kitambaa safi, maana mafuta ya vidole huleta ukungu.

Wakati unaofaa ni baada ya kunyonya, mtoto akiwa macho na ametulia. Shingo yake haijapata nguvu. Sharti mkono wa mtu uishike siku zote, wala asiegemezwe mito kusudi aonekane ameketi. Na mtoto akilazwa kitandani, msiishike simu juu ya uso wake, ikiponyoka itamwumiza.

Bibi yake mtoto alikuwa ameketi barazani akitusikiliza. Akasema, "Baba mwalimu, mtoto huyu hata arobaini hajatimiza. Mbona mwamtoa kwenye macho ya watu?"

Nikamjibu, "Mama, picha haimpunguzii mtoto kitu."

Akasema, "Siogopi picha, naogopa inakokwenda. Mjukuu wa jirani alipigwa picha akioshwa, uchi kama alivyozaliwa. Jioni watu wa Dar es Salaam wakaipigia simu nyumba hii kuisifu."

Nikanyamaza, maana neno lake lilikuwa la haki. Picha ikiisha kupelekwa kwa watu hairudi. Kila aliyeipata aweza kumpelekea mwingine, na mtoto mwenyewe hakuulizwa. Basi mtoto asipigwe picha ya uchi, wala ya ugonjwa, ikapelekwa huko na huko. Na mtoto wa mwenzio usimpige wala usimwonyeshe bila ruhusa ya wazazi wake. Walimu wa shule wasijidhani kuwa wamesamehewa sheria hii. Tulipomwahidi bibi kwamba picha itabaki ya nyumba, alikuja mwenyewe akampokea mtoto, akaketi karibu na mama yake mlangoni.

Nikafurahi kwamba mama naye yumo. Wafaransa walitangaza kazi ya Louis Daguerre, mmoja wa mafundi wa kwanza wa picha, mwaka 1839; na katika miaka ile ya mwanzo mtu alipaswa kukaa kimya muda mrefu mbele ya kamera. Mtoto mchanga hawezi. Kwa hiyo huko Ulaya mama wengi walifunikwa nguo nzito kama kiti, wakamshika mtoto kwa chini asitikisike. Picha zile zingalipo: mtoto aonekana, na mama ni rundo la kitambaa. Sisi simu zetu hupiga kwa kufumba na kufumbua; hapana haja ya kumficha mama.

Lakini uso peke yake hautoshi. Mwaka 1906 alishuka Lindi Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig, akaenda Masasi na Newala na kamera yake. Wazee wetu waliita kazi ile kupiga sanamu. Mwaka 1908 akatoa kitabu kwa Kijerumani, nacho kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1909, chenye picha nyingi. Wakubwa kadhaa wametajwa kwa majina; wanawake wengi wametajwa kwa kabila tu. Mama yake bibi yangu alikuwa mwanamke kijana huko Newala mwaka ule. Nimezitazama nyuso zile moja moja. Labda yumo, labda hayumo; waliomjua wamekwisha, wala sina wa kumwuliza. Hivyo nyumba yangu ina mtoto mwenye jina asiye na uso, na pengine ina bibi mwenye uso asiye na jina.

Basi picha isiachwe ndani ya simu, maana simu huibiwa, huanguka majini, huharibika. Ipelekeni kwenye duka la picha, ichapwe mbili. Nyuma yake andikeni jina la mtoto, majina ya wote waliomo, mahali na tarehe, kwa kalamu ambayo wino wake umekauka kabla ya kuigeuza. Au andikeni karatasi ndogo ikae pamoja nayo. Msiitundike palipo jua, maana itapauka. Iwekeni katika bahasha, na bahasha katika sanduku la bati, mbali na unyevu na mchwa. Ya pili ipelekeni kwa ndugu wa mji mwingine. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam katika nchi ya Kilwa, tulijifunza kwamba maji hayabishi hodi.

Yule mwalimu alifanya hivyo. Juma lililofuata picha ilirudi kutoka Kilwa Masoko, naye akaketi mezani kuandika nyuma yake: jina la mtoto, la baba, la mama, Kilwa Kivinje, na tarehe. Akaweka kalamu chini. Bibi, asiyejua kusoma, akamwuliza, "Umekwisha?"

Akasema, "Nimekwisha, mama."

"Na aliyemshika ni nani?"

Mwalimu akaishika kalamu tena, akaandika jina la bibi, akamsomea.