Saluni ya mama mkulima: kosa la kwanza, na kufungua mara ya pili

Siku ya posho asubuhi, saa tatu haijafika, benchi ya saluni imekwisha kujaa. Mama mmoja ametoka moja kwa moja shambani: matope ya mpunga yangali kwenye vidole vya miguu. Pembeni yake kuna mabinti wawili wa kwaya wanaongoja kusukwa juu ya ndoa ya kesho. Kijana mmoja ananyolewa karibu na mlango, fasi kuna mwangaza. Hakuna muziki wa nguvu. Kuna redio ndogo tu, na kwenye ukuta bei zote zimeandikwa kwa rangi nyeusi.

Tuko Sange, katika bonde la Ruzizi, kwenye njia kubwa inayotoka Uvira kwenda Bukavu. Mwenye saluni ni memba wa koperative ya mpunga. Analima nusu hektari, ana watoto watano. Jina lake hatutalitaja, yeye mwenyewe aliomba vile: «Deni ni mambo ya nyumba.» Lakini alikubali tueleze yote yaliyomfikia, hata yale ya haya, juu ya wenzake wenye kutaka kufanya biashara pembeni ya shamba.

Jibu langu la kwanza

Ndugu wanamemba, nianze na kosa langu mimi. Mama huyu aliponiuliza kama anaweza kukopa kwenye sanduku la AVEC juu ya kufungua saluni, nilimjibu mbio: hapana. Nilisema koperative ni ya kilimo, na feza ya kikundi itafute mbegu, mbolea na wafanyakazi wa kupalilia. Nilikuwa nimeona feza ya mbegu ikipotelea katika maduka madogo, na sikutaka kuiona tena.

Akanijibu polepole: «Agronome, mupunga inanilipa mara mbili kwa mwaka. Batoto banakula kila siku.»

Sikuwa na neno la kurudisha. Ni kweli. Saison A inavunwa mwezi wa kwanza na wa pili, saison B mwezi wa sita na wa saba. Katikati kuna miezi ya kununua chumvi, sabuni, dawa, kaye za shule. Mkulima asiye na feza ndogo ya kila juma anauza mpunga wake ukiwa ungali shambani, kwa bei ya mnunuzi. Kwa hiyo biashara ndogo ya senta inaweza kulinda shamba. Inaweza pia kulimaliza. Inategemea namna inavyofunguliwa.

Sherehe ya mwezi wa kumi

Kwenye AVEC nyingi memba anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, na kurudisha ndani ya miezi mitatu. Mama alikuwa na akiba ya 300.000? Hapana, ya 100.000 franka tu. Akakopa 300.000, yaani mwisho kabisa wa kile kanuni inaruhusu. Kikundi chao kinadai faida ya 5 kwa mia kila mwezi. Basi kila mwezi alitakiwa kuleta 115.000.

Akapanga chumba cha mbao kando ya njia. Akanunua grupu ya umeme ya zamani, kaske ya kukausha nywele, mashini ya kunyoa, kioo na viti. Siku ya kufungua aliajiri baffle na kijana wa kupiga muziki. Akagawa vitumbura na sukari ya chupa. Watu walijaa mpaka njiani. Juma lililofuata hakukaa mtu kwenye kiti.

Sababu haikuwa mikono yake. Anasuka vizuri sana, tangu utoto. Sababu ilikuwa kalenda. Ilikuwa katikati ya mwezi wa kumi. Kila nyumba ilikuwa imetoka kulipa mambo ya shule, imelipa kulima, imetia mbegu chini. Nani angetoa feza juu ya nywele? Mkulima anajua hawezi kupanda mpunga bila maji. Biashara nayo iko na msimu wake wa mvua, na huo msimu ni feza iliyo mfukoni mwa wateja.

Malipo ya mwezi wa kumi na moja yalitoka kwa mbuzi. Mwezi wa kumi na mbili Noeli na Bonane zilimwokoa: alisuka mpaka usiku. Mwezi wa kwanza, hakuna kitu. Akaja kwenye mkutano na wazo moja: kuuza gunia la mpunga alilochagua kwa mbegu ya saison B.

Mkutano wa mwezi wa kwanza

Nilikuwa pale. Wengine walisema auze, juu deni ni deni, na sanduku ni la wote. Baba mmoja alisema kwa sauti kwamba wanawake wanakopa bila mabwana kujua. Hapo mume wake mwenyewe akasimama: alijua, walipatana pamoja kabla ya kukopa. Na ni vile sheria inataka leo. Tangu Kanuni ya Jamaa ilipogeuzwa mwaka wa 2016, mke hahitaji tena ruhusa ya mume ili aingie katika mkataba. Bibi na bwana wote wawili wanatakiwa kupatana.

Kisha mama mwenye kutunza kaye ya kikundi akauliza: «Kaye ya saluni iko wapi? Tuone kwanza fasi feza inapita.»

Kaye ilikuwapo. Tuliisoma pamoja, ukurasa kwa ukurasa, na jibu likatokea lenyewe. Kusuka kulikuwa kunaingiza feza. Kunyoa, kidogo. Kaske ya kukausha ilikuwa inakula: esanse ya grupu ilipita feza ambayo wateja wa kaske walilipa. Kazi isiyohitaji umeme ndiyo ilikuwa inabeba ile yenye umeme.

Kikundi kikaamua mambo matatu. Mbegu haiuzwi. Grupu na kaske viuzwe, na feza yake iingie kwenye deni. Mama aongezewe miezi miwili, akilipa faida kama kawaida, na kila mkutano alete kaye yake mbele ya wote. Alinung'unika juu ya hilo la mwisho. Leo anasema ndilo lililomsaidia kupita yote.

Deni lilikwisha. Mbegu ilipandwa mwezi wa pili.

Kufungua mara ya pili

Mwezi wa saba, baada ya mavuno ya saison B, saluni ilifunguliwa upya. Safari hii hakukuwa na baffle. Alifanya hivi:

Kwanza, alisuka mabinti wanne wa kwaya bila kulipwa, kila mmoja mtindo wake. Siku ya mungu kanisa lote liliona. Kichwa kilichosukwa vizuri ni kibao chenye kutembea.

Pili, aliandika bei kwenye ukuta. Bei iliyoandikwa inamaliza maneno, na mama wa kijijini haogopi tena kuingia akifikiri ataaibishwa.

Tatu, alilipa komunike kwenye redio ya fasi kwa siku tatu tu, zile za kuelekea soko. Komunike ilitaja mahali, bei ya kuanzia, na siku ambazo saluni inafungwa, juu mwenyewe anakwenda shambani.

Nne, alitafuta kijana wa kunyoa mwenye mikono mizuri. Hamlipi mshahara. Wanagawana nusu kwa nusu kila jioni, mbele ya kaye.

Tano, na hili ndilo jipya, anakubali kulipwa mpunga. Mama asiye na feza anasukwa mwezi wa tano, na wakati wa mavuno analeta mpunga, ukipimwa kwa mizani ya koperative kwa bei ya soko ya siku ile. Sharti ni mbili: mpunga uwe mkavu, na mtu mmoja asipitishe deni la vichwa viwili. Mpunga unaingia kwenye depo ya koperative pamoja na wake, na unauzwa bei ikipanda. Hapa nilimpa shauri moja la kazi yangu: mpunga wenye unyevu wa zaidi ya 14 kwa mia utaoza au utaota kuvu ndani ya gunia. Na katika kilo 100 za mpunga wa maganda, mashini inatoa kilo 60 hadi 65 za mchele. Wenye kusahau hilo wanajidanganya hesabu.

Hesabu kabla ya kukopa

Tuseme kichwa kimoja ni 6.000 franka, na meshi mteja anajiletea. Tuseme katika juma baya, si juma la Bonane, munapata vichwa kumi: 60.000. Toa 10.000 ya nyumba, 6.000 ya mafuta, sabuni na maji, 10.000 ya akiba ya AVEC, na 20.000 ya mikono yako wewe, juu nawe unakula. Inabaki 14.000. Kwa majuma kumi na mawili ni 168.000.

Sasa angalieni. Kanuni ya sanduku iliruhusu 300.000. Lakini kwa faida ya 5 kwa mia kila mwezi, saluni hii ingeweza kulipa mkopo wa karibu 145.000 tu. Kanuni inaeleza kile kikundi kinaweza kukupa. Haielezi kile unaweza kurudisha. Hesabu hiyo ni yako, na uifanye kwa juma baya.

Umeme. Mashini ya kunyoa inakula wati 10 hadi 15. Ikifanya kazi masaa matano, haipiti wati-saa 75. Bateri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1.200, lakini bateri ya risasi haifai kumalizwa kupita nusu. Zinabaki 600: zinatosha kunyoa, taa mbili, na kuchaji simu za wateja. Kaske ya wati 1.000 ingemaliza hizo 600 kabla ya dakika arobaini. Pano ya jua ni ya mashini na taa. Nywele zikaushwe na jua na kitambaa.

Usafi. Wembe mmoja, mtu mmoja, kisha unatupwa. Mashini ipigwe brashi na kupanguswa kwa alkoli ya 70 kwa mia baada ya kila kichwa; vile munazuia mapunye ya watoto. Damu ikitoka ni hatari zaidi, juu ya hepatiti B na virusi vya UKIMWI. Mtu mwenye vipele au vidonda asinyolewe; aende kwanza kituo cha afya, hasa juu ya mpox. Dawa ya kulainisha nywele ni kali, inachoma ngozi na macho: mikono ivae glavu, na maji yake yasimwagwe kwenye mfereji wa shamba.

Takataka. Nywele za mtu zina azoti nyingi, karibu 15 kwa mia. Zinaoza polepole, lakini kwenye mboleo zinafaa, mukizichanganya na majani na samadi. Meshi ni plastiki, haiozi. Muitenge, isiingie kamwe shambani.

Karatasi. Mwenye biashara ndogo anatakiwa kuwa na patenti. Ulizeni bei kwenye biro ya serikali ya fasi yenu kabla ya kufungua, na kila feza munayotoa muombe kitanse. Sheria za OHADA, ambazo Kongo iliingia mwaka wa 2012, zinamtambua pia mfanyabiashara mdogo anayeitwa «entreprenant»: yeye anatangaza kazi yake tu, hatakiwi kuandikwa katika rejista ya biashara.

Tusikimbilie wote

Tangu saluni hii isimame, wamama wengine watatu wa kikundi wameomba mkopo wa saluni. Swali ni zito, na kikundi hakijalimaliza. Vichwa vya Sange ni vile vile. Saluni ya tano haiongezi wateja, inawagawa. Mmoja amekubali kugeuza wazo: atauza meshi na mafuta ya nywele kwa wenye kusuka, akiyatoa Uvira. Wawili wangali wanabishana nasi.

Mimi ningali na neno langu la zamani, lakini nimelisahihisha. Feza ya mbegu haiguswi. Kikundi hiki sasa kimeandika katika kanuni zake kwamba memba anaonyesha kwanza mbegu yake ya saison inayokuja, ikiwa kwenye depo, ndipo anaweza kukopa juu ya biashara nyingine.

Katika mkutano wenu ujao, pelekeni maswali haya matatu: Katika koperative yenu, nani anakopa juu ya kazi isiyo ya shamba, na kaye yake nani anaisoma? Mwezi gani feza iko mfukoni mwa watu wenu? Na mbegu ya saison B, iko wapi leo? Majibu yenu mumpe agronome anayewatembelea. Tutayaandika katika gazeti linalofuata.

Mimi nami ninanyolewa pale Sange. Ninalipa kama kila mtu. Bei iko kwenye ukuta.