Wacheza Poka wa Las Vegas na Miiko Yao

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai, mji wa Las Vegas nchini Marekani hufurika watu ambao kazi yao ni kucheza karata. Huja kushiriki World Series of Poker, mashindano aliyoyaanzisha Benny Binion mwaka 1970 katika kasino yake iitwayo Horseshoe. Hupanga nyumba kwa pamoja na hukopeshana mitaji. Usiku husimuliana karata walizozicheza mchana, wakibishana ni wapi mtu angetupa karata na wapi angeongeza dau.

Katika poka mtu hachezi dhidi ya kasino kama ilivyo kwenye mashine za kamari. Anacheza na wenzake, na kasino hujikatia fungu lake tu. Ndiyo sababu mjuzi anaweza kuishi kwa mchezo huu: kwa siku moja bahati humpa yeyote, lakini kwa mwaka mzima hesabu na subira huanza kuonekana. Mcheza poka makini huandika daftarini saa alizokaa mezani, alichopata na alichopoteza. Mtaji wa kuchezea hauchanganywi na kodi ya nyumba. Akiona hasira za kushindwa zimempanda, desturi inamtaka ainuke aende zake, kwa maana mwenye hasira hugawa fedha.

Mila nyingi za jamii hii zilizaliwa Texas, kabla ya Las Vegas kuwa makao yake. Mzee wao mkubwa, Doyle Brunson, alizaliwa huko mwaka 1933. Alikuwa mchezaji hodari wa mpira wa kikapu chuoni hadi alipovunjika mguu kazini. Akasoma hadi shahada ya uzamili, akaajiriwa kuuza mashine za ofisi, na katika ziara yake ya kwanza ya kikazi akakuta watu wanacheza poka. Kwa saa chache alipata zaidi ya mshahara wa mwezi, na hakudumu tena katika ajira.

Brunson alizunguka miji ya Texas na wenzake wawili, Sailor Roberts na Amarillo Slim Preston, fedha zao zikiwa katika mfuko mmoja. Michezo ile ilikuwa haramu. Waliogopa polisi, na zaidi ya polisi waliogopa majambazi waliojua kwamba aliyeporwa mezani hatakwenda kushitaki. Katika mazingira hayo hapakuwa na hakimu wa kumdai mtu deni la karata. Kilichobaki ni ahadi ya mtu. Aliyeshindwa kulipa hakupigwa faini na yeyote, ila habari zake zilimtangulia mji unaofuata, naye akakosa kiti. Wote watatu baadaye walitwaa ubingwa wa shindano kuu la World Series of Poker: Preston mwaka 1972, Roberts 1975, na Brunson mara mbili mfululizo, 1976 na 1977. Miaka yote miwili Brunson alimalizia na karata ya kumi pamoja na ya mbili, karata ambazo wengi wangezitupa kama garasa.

Adabu za mezani zinafuata msingi huo wa ahadi. Ukitamka kwa zamu yako kwamba unaongeza dau, umeongeza, hata kama mkono wako haujasogeza kitu. Ulicho nacho mezani hukitoi kukificha mfukoni mchezo ukiendelea. Ukijua una karata za ushindi, zifunue mara moja; anayechelewesha ili mwenzake ajione ameshinda hudharauliwa kuliko mwongo. Uongo wenyewe si kosa, kwani kumtisha mtu kwa dau kubwa huku huna kitu ndiyo sanaa ya mchezo. Mwiko mwingine ni kumcheka mgeni asiyejua kucheza, kwani akiudhika ataondoka na fedha zake.

Desturi ya kugawana hatari haijafa. Mchezaji huuza asilimia ya ushindi wake kwa wenzake, au humpata mtu wa kumlipia kiingilio. Mwaka 1997 Stu Ungar, bingwa wa 1980 na 1981 aliyekuwa amefilisiwa na dawa za kulevya na kamari nyingine, alilipiwa dola 10,000 na Billy Baxter. Alishinda dola milioni moja, wakagawana nusu kwa nusu. Novemba 1998 Ungar alikutwa amekufa katika chumba cha moteli mjini Las Vegas, akiwa na miaka 45.

Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee, Chris Moneymaker, aliyepata nafasi katika shindano kuu kupitia shindano la intaneti la chini ya dola 100, alishinda dola milioni 2.5. Vijana wakamiminika. Wengi walicheza nyumbani kwenye kompyuta hadi Aprili 15, 2011, serikali ya Marekani ilipofunga tovuti kubwa za poka, na baadhi yao wakahamia Kanada na Mexico ili waendelee na kazi. Vijana hawa wa hesabu waliwakuta wazee wa Texas mezani, wakabadili namna ya kucheza, lakini sheria ya deni hawakuigusa. Brunson alifariki Mei 2023, akiwa na miaka 89.

Shindano kuu la mwaka 2024 lilikuwa na washiriki 10,112, na takriban 15 tu kati ya kila 100 walipata malipo yoyote. Fedha za poka hazizalishwi mezani: dola anayoipata mmoja imetoka kwa jirani yake, baada ya kasino kukata fungu lake. Kijana anayetamani maisha ya bingwa mwenye bangili ya dhahabu ya ushindi awahesabu kwanza hao 85 waliobaki, kisha ajiulize yeye atakaa upande upi.